Mjadala: Ligi Kuu Bara ibaki na timu 16 au irudi 20?

Wadau, hoja ya kuongeza timu Ligi Kuu imeibuka tena. Wanaoitetea wanasema nchi ni kubwa, mikoa mingi haina timu, na vijana wa huko wanaishia kuona ligi kwenye televisheni tu. Ni hoja ya watu wanaopenda mpira, na naiheshimu. Ila msimamo wangu ni kwamba zibaki 16, na nasema hivyo nikiwa mtu wa Iringa, mkoa ambao ungekuwa wa kwanza kunufaika na nafasi za nyongeza.

Ligi ya timu 20 tulishaijaribu juzi tu. Msimu wa 2018/19 kila timu ilicheza mechi 38, jumla mechi 380, na ndio msimu ligi ilienda bila mdhamini mkuu. Kagera Sugar walitoka Bukoba kwenda Mtwara kucheza na Ndanda pale Nangwanda Sijaona, zaidi ya kilomita 1,500 kwa upande mmoja, halafu ratiba ikawadai mechi nyingine. Nakumbuka siku moja pale uwanja wa Samora, Iringa, timu ngeni inateremka kwenye basi baada ya siku mbili za barabara. Kijana mmoja alikaa chini palepale, akaegemea tairi, akavua viatu. Vifundo vimevimba, alama za soksi zimezama kwenye ngozi. Saa kumi alikuwa uwanjani anakimbizana na winga wa Lipuli, timu yetu ya Iringa. Kipindi cha pili hakumaliza.

Tunasema tunataka ushindani. Ushindani gani huo, mtu anapoingia uwanjani akiwa ameshachoka?

Matokeo yenyewe yanaongea. Misimu yote miwili ya timu 20, 2018/19 na 2019/20, tatu bora ilikuwa ileile na kwa mpangilio uleule: Simba, Yanga, Azam. Sasa linganisha na 2013/14, timu zilipokuwa 14. Azam walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, Mbeya City waliotoka kupanda daraja wakamaliza wa tatu, Simba wakawa wa nne. Sisemi kwamba timu 14 ndiyo dawa. Nasema tu kwamba kuongeza idadi hakujawahi kuwatikisa wakubwa.

Na ukirudi nyuma zaidi, ligi hii iliyoanza 1965 kwa ubingwa wa Sunderland, ambao leo ndio Simba, haikuwa ya timu mbili peke yake. Cosmopolitan walibeba 1967, Mseto wa Morogoro 1975. Tukuyu Stars walipanda daraja na kubeba kombe mwaka huohuo, 1986, timu ya Rungwe huko! Coastal Union 1988. Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Baada ya hapo, ukiwaondoa Azam, ni Simba na Yanga, Simba na Yanga. Kilichobadilika ni pesa. Timu ya mkoani zamani ilikuwa na watu wake, kiwanda chake au shirika lake, na mchezaji mzuri alikuwa na sababu ya kubaki. Leo akifunga mabao matano tu, Dar inapiga simu.

Ndiyo maana hesabu ya mgao inaniuma. Mkataba wa haki za matangazo na Azam Media uliosainiwa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Kwa mfano tu, ingekuwa zote zinagawiwa sawa kwa klabu (hazigawiwi hivyo), timu 16 zingepata kama bilioni 1.41 kila moja. Zikiwa 20 inashuka hadi bilioni 1.13 hivi, huku safari zikiongezeka kutoka mechi 15 za ugenini hadi 19. Wakubwa hawatalisikia hilo pengo. Atakayelisikia ni yuleyule tunayedai kumsaidia.

Mwaka 2020, ligi ilipoanza kupunguzwa, zilishuka tano kwa mpigo: Lipuli, Ndanda, Alliance, Singida United na Mbao. Mbao walikuwa wamefika fainali ya Kombe la FA 2017 na kufungwa na Simba 2-1. Lipuli walifika fainali ya 2019 kule Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam 1-0. Hizo zilikuwa timu za mpira kabisa. Hadi msimu wa 2024/25 unaisha, hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa imerudi. Zilicheza kwenye ligi pana bila kuwa na misuli ya kuishi humo, na zilipoanguka, zilianguka moja kwa moja.

Mimi ningegusa mtoano. Kwa mfumo uliopo, timu mbili za mwisho zinashuka, ya 13 na ya 14 zinacheza zenyewe, anayeshinda anabaki, na anayefungwa bado anapata nafasi ya pili dhidi ya timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Yaani timu iliyofanya vibaya miezi kumi inapewa maisha mawili! Ya 14 ishuke moja kwa moja, ya 13 ndiyo icheze mtoano, na Championship ipandishe tatu. Mikoa itapata nafasi yake kila mwaka, na kwa jasho. Mashujaa wa Kigoma walionesha inawezekana: 2023 waliwatoa Mbeya City kwenye mtoano, nyumbani na ugenini, na hawakupanda kuja kushuka msimu uliofuata.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Kuna kaka ameuliza mbona Uingereza wana timu 20 na hawalalamiki. Kaka, kule timu inacheza ugenini na kurudi kulala nyumbani. Hapa kwetu safari ya Kigoma ni msiba wa bajeti.

Mwingine kasema viporo, yaani mechi zinazoahirishwa, ni uzembe wa Bodi ya Ligi tu. Kwa sehemu namuunga mkono. Dabi ya Simba na Yanga iliyotakiwa kuchezwa Machi 8, 2025 ilikuja kuchezwa Juni 25, na sababu haikuwa wingi wa timu. Lakini Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025, na kila tunapofanya vizuri Afrika, viporo vinaongezeka. Hilo hata Bodi iwe makini kiasi gani halikwepeki, na AFCON 2027 tunaiandaa hapahapa nyumbani pamoja na Kenya na Uganda.

Kwa hiyo anayetaka 20, naomba asiniorodheshee mikoa tena, hilo nimelielewa. Atuwekee ratiba hapa. Hizo mechi 140 za ziada zitachezwa wiki zipi, na nauli nani analipa?