Ruzuku, majengo au walimu: fedha ya sekondari za kata iende wapi kwanza?

MjumbeBodi (Lindi)
Wakuu, salaam. Diwani wetu ametuuliza sisi wa bodi ya shule: ikipatikana nyongeza kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, tuipiganie ruzuku, majengo au walimu?

Mimi nasema ruzuku, na hesabu yangu ni hii. Kiwango cha ruzuku cha shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka kilitoka kwenye MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wa 2004, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kikaendelea kuwa kilekile, huku dola ikiwa tayari imepanda karibu mara mbili. Nusu, yaani 12,500, inabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Nusu nyingine ukiijumlisha na fidia ya ada, 20,000 kwa mtoto wa kutwa, shule inapata 32,500. Gawa kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 170 kwa siku. Humo mna umeme, maji, mlinzi, karatasi za mitihani na kemikali za maabara.

Majengo yameshapata wafadhili. Fedha za kukabiliana na UVIKO (korona) za 2021 zilijenga madarasa 15,000, na 12,000 kati ya hayo ni ya sekondari. Kisha kuna SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, dola milioni 500 za Benki ya Dunia.

MamaWawili
Kaka, hesabu yako ni ya mtoto aliyeshafika shuleni. Huku kwetu sekondari iko mbali mno kwa miguu, kwa hiyo binti wa miaka 14 anapangishiwa geto, anajipikia na kulala peke yake. Wazazi tunajua wangapi wamekatizwa masomo kwa njia hiyo. Ukiongeza ruzuku, yule binti bado yuko geto. Mimi nataka shule kwenye kata yetu, na kama haiwezekani, bweni. Ndiyo maana SEQUIP ililenga kata zisizo na sekondari, na kwa hilo naiunga mkono kabisa.

MwlFizikia
Walimu. Maabara yetu ni nzuri, lakini wa fizikia niko peke yangu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na hisabati inafundishwa na kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Mchango ukikwama, anaondoka katikati ya muhula.

Nyanza254
Nawasalimu kutoka Kisumu. Msidhani kiwango kikubwa kinamaliza tatizo. Sisi sekondari msingi, gredi ya 7 hadi 9, ilianza 2023 ndani ya shule za msingi ikiwa na mgao wa shilingi 15,042 za Kenya kwa mwanafunzi. Ni nyingi kuliko zenu hata ukibadilisha fedha, ingawa sehemu yake ni ya miundombinu. Lakini pesa huchelewa, shule nyingi zilizoipokea gredi hiyo hazikuwa na maabara, na walimu wengi waliingia kwa mkataba wa mafunzo, 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu, na wanafunzi wakapoteza wiki za masomo. Kwa hiyo mkiomba kiwango kipya, ombeni na tarehe ya kulipwa.

MhasibuMstaafu
MamaWawili na Mjumbe, ninyi hampingani. Tatizo ni kwamba mgao unahesabiwa kwa kichwa tu. Shule mpya ya kata yenye wanafunzi 120 inapata 3,900,000 kwa mwaka, sawa na 325,000 kwa mwezi. Mkimlipa mlinzi 150,000, mnabaki na 175,000 ya kuendeshea shule nzima. Shule ya wanafunzi 900 ina mlinzi huyohuyo na bili ya umeme isiyozidi sana, lakini inapata zaidi ya mara saba. Tunazijenga shule ndogo karibu na watoto, halafu tunazinyima pumzi. Peleka kwa diwani pendekezo la kiwango cha chini kwa kila shule, kisha ndipo ya kichwa iongezwe juu yake.

MwlFizikia
Hapo naafiki. Ila ajira ya walimu haiko mikononi mwa halmashauri, kwa hiyo iandikwe kama ombi la pekee kwa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa somo na kwa idadi. Tukiandika tu "tuna upungufu wa walimu" tutaletewa wa historia.

MjumbeBodi (Lindi)
Asanteni sana. Mzee Mhasibu, kiwango cha chini tuandike kiasi gani?

MhasibuMstaafu
Anzeni na milioni 6 kwa mwaka, 500,000 kila mwezi. Ambatanisheni matumizi halisi ya shule yenu ya miezi kumi na miwili, risiti kwa risiti, ili kamati ya fedha isiseme mmekisia.