Mrejesho: Nimemwona babu kwenye daftari

Wapendwa, nimerudi. Mwaka jana niliwauliza nitampataje baba wa babu yangu, aliyeletwa Unguja akiwa mtumwa, nasi tukamjua kwa jina moja tu: Feruzi. Mlinishauri nianze kwa wazee, ndipo niende Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Ushauri ule ndio ulioniokoa. Kina Feruzi ni wengi mno humo, maana lilikuwa jina la kawaida la kupewa watumwa. Shangazi ndiye aliyekumbuka jina la bwana aliyemmiliki Feruzi wetu, na shamba la mikarafuu alikomfanyisha kazi. Nikafunua madaftari siku nne. Siku ya tano, kwenye daftari la walioachwa huru baada ya amri ya Aprili 1897, ile ya Sultani wa Zanzibar ya kufuta utumwa kisheria, nikaukuta mstari wenyewe: "Ferooz", umri wa kukisia, kabila "Nyasa", na jina la yule bwana. Wino umekuwa wa kahawia. Mkono ulinitetemeka, sikuweza kunakili.

Jambo lililonigusa zaidi: amri ile haikumwacha mtu huru hivi hivi, ilibidi mtumwa aende mwenyewe kudai. Kwa hiyo babu alikwenda. Alisimama mbele ya karani akasema anautaka uhuru wake.

"Nyasa" nalo si kabila moja. Waliitwa hivyo watu wengi waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Nilipomsomea shangazi, aliniomba nirudie jina mara tatu, kisha akamwombea dua.