Naomba ushauri: shamari kwa mama anayenyonyesha

Habari zenu wapendwa. Nipo Tanga, Ngamiani, nanyonyesha mtoto wa miezi 2. Mama mkwe kaniletea shamari (fennel), ananichemshia mbegu kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, anafunika mpaka harufu tamu ijae jikoni. Gesi tumboni imepungua kweli. Maziwa kuongezeka, mh, sijaona. Sasa anataka na mtoto apewe, eti atatulia mchango wa tumbo. Kliniki walisema maziwa ya mama tu hadi miezi 6, na nimesoma shamari ina estragoli, kemikali ya asili inayotiliwa shaka kiafya, haishauriwi kwa watoto wadogo. Kumkatalia mkwe nako ni kesi! Wataalamu, mimi niendelee kunywa au niache? Na mtoto, zaidi ya kumcheulisha, nimsaidieje?