Nataka kuingia otomesheni na mekatroniki, kozi ya kwenye kompyuta tu inatosha kweli?

mwana_wa_wete: Asalaam aleikum jamani. Miye niko Wete, nina cheti cha umeme wa majumbani nlichokipata Vitongoji mafunzo ya amali, na nyumba nlizofunga waya hazipungui kumi. Sasa nataka kuingia kwenye otomesheni, hizi PLC (kompyuta ndogo za kuongozea mashine), mikono ya roboti, mekatroniki kwa jumla, yaani mashine, umeme na programu pamoja. Kuna pahala Dar wameniambia kozi wiki mbili na cheti juu, nlivouliza kama ntashika mashine wakanambia utajifunza kwenye kompyuta. Yaani nipande boti, nikalale kwa ami yangu Mbagala wiki mbili nzima, kisha nikaangalie skrini ambayo hata hapa Wete naweza kuiangalia? Pesa yenyewe ya karafuu za mama, sitaki kuichezea.

chumvi_tupu: Waaleikum salaam. Usende. Mie niko hoteli moja huku pwani ya mashariki, kazi yangu mtambo wa kuyatoa chumvi maji ya bahari. Pampu inayasukuma maji kwa presha kama bar 60 ndo yapite kwenye chujio, na yote yanaongozwa na PLC. Wiki yangu ya mwanzo mtambo ukazima, wageni wamejaa, meneja kasimama mlangoni kajishika kiuno. Mwenzangu mwenye cheti kizito akafungua laptopu akaanza kuisoma programu mstari kwa mstari. Mie nikachukua mita. Senza ya presha hutoa miliampia 4 mpaka 20, 4 ni hamna presha, 20 imefika juu kabisa. Nikachomoa waya mmoja nikaiweka mita katikati, sifuri. Sasa sifuri si presha ndogo, sifuri ni waya umekatika, ndo maana walioitengeneza wakaanzia 4. Nikaufuata waya mpaka kwenye jointi boksi, kumbe skrubu imeliwa na chumvi, kijani kama mkate uliolala wiki. Nikakata ncha nikafunga upya, maji yakatoka. Programu haikuwa na kosa hata moja!

laptopu_na_chai: Sheikh hapo umewaonea wenye laptopu 😂 angejua pa kuangalia hiyo sifuri angeiona kwenye skrini kabla hujaitafuta mita. Kosa lake hakujua anatafuta nini. Mwana_wa_wete, programu usiidharau ila usiilipie pesa za karafuu. Programu ya kujifunzia PLC iitwayo OpenPLC ni ya bure, unaiweka hata kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki, na CODESYS, programu nyengine ya namna hiyo, unaishusha bure vilevile. Anza na leda, lugha ya kuiandika programu ya PLC kwa kuchora, wewe fundi umeme utaielewa upesi kwa sababu imefanana na michoro ya rilei, zile swichi zinazovutwa na umeme, PLC za mwanzo huko Marekani mwisho wa miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya magari na mafundi wa kule walikuwa wameshazoea kusoma michoro hiyo.

bi_kontakta: Mwanangu sikiliza, mie nimekaa kiwandani bara miaka tisa kabla ya kurudi Unguja. Kabla ya PLC tafuta kontakta, yaani rilei kubwa ya kuwashia mota, kitufe cha kijani, chekundu na taa. Funga saketi inayojishika: unabonyeza kijani inapiga tak!, unaachia na bado imeshika kwa sababu kontakti yake ya pembeni inaipa moto wenyewe. Ukishaifunga kwa mkono wako bila ya kuchungulia mchoro, ndo uiandike kwenye leda. Na jiulize kwa nini chekundu ni kile kinachopitisha umeme muda wote mpaka ukibonyeze. Ni kwa sababu waya wake ukikatika mashine isimame yenyewe. Ukiweka cha kinyume, siku waya umekatika utabonyeza mpaka kidole kiume na mashine inaendelea kula mkono wa mtu, na hayo simulesheni haikuonyeshi kwani kule waya haukatiki. Fanyia mazoezi volti 24 si ya ukutani.

Ukitaka darasa hebu fika Taasisi ya Karume pale Mbweni uwaulize wenyewe, na hao wa Dar pia waulize: meza moja watu wangapi? Mwalimu anaharibu kitu makusudi ili nyinyi mkitafute? Wakisita, bakisha pesa ya mama.

chumvi_tupu: Na ukiona drive ya mota, kile kiboksi cha kuongozea mwendo wake, usiifungue pale pale ulipozima, mle ndani kapasita zinazoweka umeme bado zina moto. Subiri dakika walizoandika kwenye kifuniko kisha upime. Mie nshapigwa, najua nisemalo.

mwana_wa_wete: Shukran sana. Nimewapigia Dar nikawauliza meza moja watu wangapi, wakasema watanirudia, leo siku ya nne. Nimepata kontakta mbili kuukuu kwa fundi wa mashine za kusaga Chake ila koili zake za kuvutia zimeandikwa volti 220, na bi_kontakta umesema 24, sasa nifanyaje?

bi_kontakta: Ziweke, usizichomeke. Tafuta rilei ya 24 ya miguu minane na pawasaplai yake, saketi ni ile ile. Ikipiga tak niambie.