Naomba ushauri: kukadiria msuguano wa damu kwenye ukuta wa ateri ya shingo

Wakuu, habari za kazi. Hapa Moshi tunapima kwa Dopla (mawimbi ya sauti yanayoonyesha kasi ya damu) ateri za shingo za wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro. Hesabu yetu ya msuguano: mnato (uzito wa damu katika kutiririka) mara 4, mara kasi ya katikati ya mshipa, gawanya kwa kipenyo. Mnato wa 0.0035 Pa·s, kasi ya 0.3 m/s na kipenyo cha milimita 6 vinatoa 0.7 Pa. Pembe kati ya mawimbi na mkondo wa damu haizidi digrii 60, maana hapo ukikosea digrii 5 tu kasi inapotoka kwa asilimia 15 au zaidi.

Mpagazi akishuka baada ya siku za kukaa juu mlimani, damu yake huwa nzito. Je, mnarekebisha mnato kwa hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ya kila mtu?

Kubwa zaidi ni pale ateri inapotanuka kabla ya kugawanyika. Upande wa nje damu hupungua kasi, hata kurudi nyuma, na ndipo mafuta hujijenga ukutani. Hesabu yetu ya hapo juu, ambayo ni ya bomba nyoofu, haifai hapo kabisa. Kichujio cha ukuta (kinachoondoa mawimbi ya masafa ya chini yatokanayo na mtikisiko wa ukuta wa mshipa) nacho hufuta kasi ndogo tunazozitafuta. Nikikishusha chini ya Hz 50, mtetemo wa ukuta unajaza picha. Ninyi mnakiweka ngapi, na dirisha la sampuli (sehemu ya mshipa ambamo kasi inapimwa) milimita ngapi?