Miembe iliyokatwa vichwa: chokaa, rangi ya maji au kaolini?

Kitalu_Kibwezi
Mwembe wa kienyeji ukikatwa kichwa ili ubebeshwe Apple au Kent (aina za maembe ya kisasa), shina lililozoea kivuli linabaki uchi juani. Gome linapasuka, hasa mgongoni mwa matawi yaliyolala na upande wa jua la alasiri, kisha kuvu na wadudu watoboao wanapata mlango. Kati ya chokaa, rangi ya maji na kaolini (unga wa udongo mweupe), ipi ya kukinga shina na jua na ipi ya kukinga matunda?

Fundi_Maembe
Shina: rangi ya maji. Nyeupe, isiyo na mafuta, lita 1 kwa lita 1 ya maji, ipakwe siku ileile ya kukata. Rangi ya mafuta isiguse mti, viyeyusho vyake vinaunguza gome. Acha wazi macho ya kikonyo (kijiti kinachobebeshwa).

Chokaa ni nafuu zaidi: kilo 5 za iliyozimwa kwa lita 10 za maji, chuja, paka mara mbili. Lakini mvua inaiosha upesi, utarudia. Vaa miwani na glavu, na isinyunyizwe majani, inayababua.

Mchungwa
Nyongeza kwa wenye michungwa: shina likitoa gundi karibu na ardhi, weupe pekee hausaidii kitu. Huo ni ugonjwa wa Phytophthora, kimelea kinachofanana na kuvu, unatoka udongoni. Ondoa udongo uliorundikana shinani, kwangua gome lililooza mpaka ulikute lililo hai, kisha paka uji wa Bordo: mrututu (salfeti ya shaba) kilo 1, chokaa kilo 1, maji lita 10. Gawa maji nusu kwa nusu katika ndoo mbili za plastiki (mrututu unakula chuma), halafu mimina mrututu kwenye chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika chache. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha. Uji wa jana usitumike.

Bomba20
Matunda ndiyo kazi ya kaolini. Ngozi ya tunda juani hupata joto kupita hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Tofaa (tunda lenyewe, si embe la Apple) huanza kuungua ngozi yake ikifika nyuzi 46 hadi 49. Bomba la kunyunyizia la lita 20 linataka kilo 1 ya kaolini. Koroga kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo, chuja, ndipo ujaze. Tikisa bomba kila baada ya miti michache, maana unga unatuama na nozeli inaziba. Ukimaliza pitisha maji safi mpaka mwisho wa mpira.

Anza matunda yakishashika, maua yaache. Rudia baada ya siku 7, kisha kila siku 14 au mvua ikiosha: tunda linakua, ngozi mpya inatokeza bila unga.

Kitalu_Kibwezi
Udongo mweupe wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, je, badala ya ule wa dukani?

Bomba20
Ni kaolini kweli, ila ukiwa mbichi una mchanga unaokwangua nozeli. Wa dukani, kama Surround, umesagwa laini na kutiwa kinata.

Fundi_Maembe
Kaolini haitibu magonjwa ya kuvu kama chule na ubwiri unga, dawa za kuvu ziendelee. Kagua pia wadudu magamba kila wiki. Unga wa kaolini unawasumbua nyigu wanaowala magamba, na magamba wanaongezeka. Sokoni, unga unang'ang'ania penye kikonyo cha tunda: sugua kwa brashi laini ndani ya maji.