Mrejesho: hesabu ya mtaro wa msingi wenye ukuta wa katikati

Wakuu, niliuliza namna ya kupiga hesabu ya msingi wa mita 10 kwa 8, wenye ukuta mmoja wa kugawa, bila kuhesabu makutano mara mbili. Nashukuru, njia ya mstari wa kati, yaani kupima urefu wa mitaro katikati ya upana wake, imefanya kazi.

Mzunguko ni mita 36. Ukuta wa kugawa ni mita 8, lakini kila ncha inaingia nusu ya upana wa mtaro wa pembeni. Mtaro una upana wa 0.6, kwa hiyo unatoa 0.3 mara mbili, inabaki 7.4. Jumla mita 43.4. Kina ni 0.9, basi udongo ni mita za ujazo 23.4. Ukishachimbwa unaumuka, kwa makadirio ya asilimia 25 unafika kama 29, na hiyo ndiyo namba ya kumpa mwenye lori.

Zege la chini, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 3.9. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), ukizidisha kwa 1.54 kupata ujazo mkavu, yaani wa vifaa kabla ya kuchanganywa na maji, inakuja mifuko 18 ya saruji ya kilo 50. Upotevu sijauweka humo.

Nondo bado, nasubiri michoro.